Hedfoni za Kufunga: Kabla ya Kununua Amplifaya, Vaa Miwani Yako

Muuzaji alikuwa mpole kweli. "Dada, hebu vua miwani kwanza, usikie vizuri." Nikavua. Besi ikaja nzito, ya taratibu, kama mtu anayegonga mlango wa chumba cha pili. Nikalipa palepale. Nilipofika nyumbani nikavaa kama ninavyovaa kila siku, miwani usoni na hedfoni juu yake, na mlango haukugongwa tena.

Kinachoniuma hasa ni nilichofanya baadaye. Nilijiaminisha kwamba hedfoni hazipati nguvu ya kutosha, nikaenda kununua amplifaya kubwa. Sauti ikapanda, besi ikabaki kulekule. Nikabadilisha waya. Wiki zikapita, mpaka jioni moja nikavua miwani kufuta vioo huku wimbo unaendelea, na besi ikarudi yenyewe. Yaani tundu la upana wa mkono wa miwani lilikuwa limenila pesa za amplifaya nzima.

Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na "sauti safi" wala "ubora wa vifaa". Hedfoni za bei ghali ninazozungumzia hapa zote zina sauti safi, la sivyo zisingeuzwa bei hiyo. Swali langu ni moja: zikikaa kichwani mwako, zinaziba?

Hedfoni ya kufunga, yaani iliyozibwa nyuma ya vikombe vyake, hutengeneza besi kwa kusukuma hewa iliyonaswa kati ya kiwambo (utando unaotetemeka kutoa sauti) na sikio. Hewa ikipata pa kutokea, msukumo unakwenda na hewa. Masafa ya juu hayajali sana, ndiyo maana sauti za waimbaji zinabaki sawa na wewe hushtuki. Kinachoyeyuka ni kile cha chini ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 100 au 200, kutegemea ukubwa wa tundu. Miwani ndiyo mkosaji mkuu, lakini si peke yake: nywele nene mbele ya sikio, taya jembamba, mito ya hedfoni iliyochoka na kulala bapa, vyote vinavujisha.

Kupima ni dakika mbili. Cheza mlio wa hezi 40 kwa sauti ya chini, ukiwa umevaa miwani. Bonyeza vikombe vyote viwili taratibu kwa viganja. Mlio ukinenepa, hedfoni zinavuja. Halafu tafuna kama mtu mwenye mkate mdomoni. Mlio ukiyumba kila taya linaposogea, zirudishe mezani na uombe nyingine. Muuzaji akikuangalia vibaya, mwache aangalie.

Sasa orodha, na nakiri mapema kwamba nina upendeleo.

Juu kabisa naweka Dan Clark Audio, kampuni iliyokuwa ikiitwa MrSpeakers hadi 2019. Ukiwa na uwezo, Stealth au E3. Ukitaka nyepesi, Aeon. Mito yake minene hulala juu ya mkono wa miwani yangu na kuumeza, na nikibonyeza vikombe mlio wa hezi 40 haubadiliki hata chembe. Hilo tu lingenitosha, ila kuna la pili. Hizi ni za kiwambo bapa kinachoendeshwa kwa sumaku, na ukinzani wake, yaani jinsi zinavyozuia umeme, unaopimwa kwa omu, hukaa karibu palepale kuanzia besi hadi juu, kwa hiyo amplifaya haichezei ladha yake. Stealth, ya 2021, ina gramu 415 na inakunjika. Mtu akiniambia kuna hedfoni ya kufunga inayonituliza kuliko hii, nitamsikiliza kwa adabu na kuendelea na yangu.

Ya pili ni Focal Stellia. Gramu 435, kiwambo cha berili, na uchangamfu ambao Dan Clark hawana, ngoma zinaruka. Ya tatu ni Denon AH-D9200 yenye vikombe vya mianzi, gramu 375, unaisahau kichwani. Ya nne Sony MDR-Z1R, kwa wanaopenda besi pana. Audeze LCD-XC ni hedfoni nzuri mno yenye uzito wa zaidi ya gramu 600, na shingo yangu imeshatoa hukumu. Sennheiser HD 820 naiweka pembeni si kwa ubaya: ile yenye kioo kilichojipinda nyuma, ya 2018, ina ukinzani wa omu 300 na inataka mwenzi wake maalumu, nitakuja huko.

Bajeti ndogo? Beyerdynamic DT 770 Pro, ya omu 80, mito laini ya kitambaa. Haya, tuendelee.

Amplifaya sasa. Watu huulizana "ina wati ngapi?" kana kwamba wananunua jenereta. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu. La maana ni nguvu hiyo inatoka kwa sura gani. Chukua miliwati 100. Kwenye Aeon ya omu 13 zinahitaji volti 1.1 hivi na miliampea 88. Kwenye HD 820 miliwati zilezile zinahitaji volti 5.5 na miliampea 18 tu. Mmoja ana kiu ya mkondo, mwingine ana kiu ya volti, na chombo kinachomridhisha wa kwanza kinaweza kumwacha wa pili ananong'ona.

Jambo la pili ni ukinzani wa amplifaya yenyewe pale kwenye jeki, na wauzaji wengi hawautaji kabisa. Kanuni ya wapenzi wa sauti ni kwamba usizidi moja ya nane ya ule wa hedfoni. Zipo amplifaya za valvu (zile taa za kioo za kizamani) zisizo na transfoma ya kutolea sauti ambazo hapo zina omu 120 au karibu. Chomeka Denon ya omu 24: ni sehemu moja tu kati ya sita ya volti inayofika kwenye hedfoni, tano zikibaki ndani ya mashine. Na hedfoni ambayo ukinzani wake hupanda kwenye besi, kama Focal, itapewa besi zaidi ya iliyokusudiwa, iliyolegea kama kamba ya nguo. Lakini mpe HD 820 valvu hizohizo, ingawa kwa kanuni bado zimezidi, utaelewa kwa nini watu wazima hulala saa nane usiku.

Kwa hiyo: Dan Clark na amplifaya ya transista yenye mkondo mwingi na ukinzani chini ya omu 1. HD 820 na valvu. Na Stellia? Kiwandani wanaiandikia desibeli 106 kwa miliwati 1. Piga hesabu: desibeli 116, kelele ya kuumiza masikio, hazihitaji hata volti 0.6. Kipande kile kidogo cha Apple cha kuunganisha simu na jeki, toleo la Marekani, hutoa volti 1. Mwambie hivyo muuzaji aliyeshika mkononi boksi la kilo nne uone uso wake.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Amplifaya imegeuzwa dawa ya kila ugonjwa. Besi hafifu? Amplifaya. Sauti kali? Amplifaya, na waya wa fedha juu yake. Hakuna aliyewahi kuniambia "dada, mito yako imekwisha", labda kwa sababu mito ndiyo wanayoificha bei mpaka uiulize, na ukiiulizia unadhani wametaja hedfoni mpya. Nilipotaka kurudisha zangu jibu lilikuwa, boksi limeshafunguliwa. Boksi limefunguliwa, sawa, lakini hedfoni zilizouzwa kwa jina la kufunga hazikuwahi kufunga hata siku moja.

Sasa anazo mdogo wangu, asiyevaa miwani. Ananiambia besi ni tamu ajabu, na juzi ameomba na ile amplifaya kubwa. Nimemwambia hahitaji.