Kalibu ya kubania maganda ya .308: nyota nne, ya tano imeliwa na karatasi ya maelekezo

Kalibu yenyewe, kile kifaa cha chuma cha kubana maganda ya risasi yaliyokwisha pigwa ili yajazwe upya, sina ugomvi nayo. Ni seti ya mbili za risasi ya bunduki ya .308 Winchester, zenye hesi ya 7/8-14 inayoingia karibu kila presi ya mkono inayouzwa huku Marekani. Ya kwanza inabana ganda zima na kung'oa fataki iliyokwisha kulipuka (kile kikopo kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti), ya pili inakalisha kichwa cha risasi. Nitasema juu ya ile ya kwanza tu, kwa kuwa ndiyo inayowatoa jasho wanaoanza.

Risasi ikilia, ganda la shaba hutanuka mpaka ligusane na kuta za chemba (chumba cha bunduki kinachoshika risasi), kisha hurudi kidogo, lakini si lote. Kalibu inalisaga mwili, inalisukuma bega nyuma na kuikaza shingo ili ishike kichwa kipya. Swali ni bega lirudi kiasi gani, na hapo ndipo karatasi iliyokuja na seti hii inapompoteza mtu. Inasema: pandisha pistoni ya presi, zungusha kalibu mpaka iguse kishikio cha ganda, ongeza robo mzunguko, funga nati. Basi.

Fanya hesabu. Hesi ya 14 kwa inchi ina maana mzunguko mmoja ni inchi 0.071, kwa hiyo robo ni karibu 0.018. Sehemu ya robo hiyo humezwa na presi inayonyumbuka kidogo chini ya mzigo, lakini inayobaki inatosha kuharibu kazi. Nilipofuata karatasi neno kwa neno, ganda lililotoka kwenye bunduki likipima inchi 1.631 mpaka begani lilitoka kwenye kalibu likiwa 1.622. Elfu tisa za inchi, yaani 0.009. Litaingia kwenye chemba vizuri sana, na hapo ndipo linapodanganya. Likilipuliwa, sehemu ya mbele inashikwa na kuta za chemba, kitako kinarudi nyuma mpaka kwenye bolti (komeo la bunduki), na shaba inavutika juu kidogo ya kitako. Rudia hivyo mara tatu nne na utaona pete inayong'aa pale, milimita chache juu ya ukingo. Kunja ncha ya klipu ya karatasi, iingize ndani ya ganda, ipandishe taratibu ukikwaruza ukuta. Ikinasa kwenye mfereji, ganda hilo ni la kutupa. Ganda likikatika ndani ya chemba, gesi moto inatafuta njia ya kurudi kwa mpigaji.

Kwa hiyo karatasi ile weka pembeni, chukua kalipa na kipimo cha bega kinachobana kwenye taya zake (cha .308 hugusa bega pale lenye kipenyo cha inchi 0.400). Pima maganda matano yaliyolipuliwa kwenye bunduki yako mwenyewe, ukiwa umekwisha toa fataki zake, maana mara nyingi fataki iliyotumika huchomoza kidogo na kuongeza kipimo cha uongo. Shika namba kubwa kuliko zote. Sasa anza na kalibu ikiwa juu, robo tatu ya mzunguko bila kugusa kishikio, na ishushe kidogo kidogo.

Kuna jambo moja humtisha kila mgeni: mwanzoni kipimo kitapanda badala ya kushuka. Changu kilitoka 1.631 kikafika 1.633. Usidhani umekosea. Mwili ukibanwa kabla bega halijaguswa, shaba haina pa kwenda ila mbele. Endelea kushusha na namba itageuka. Kwa bunduki ya bolti ninaacha bega likiwa limerudi elfu mbili chini ya ganda lililolipuliwa, yaani 1.629. Kwa inayojipakia yenyewe ni elfu tatu au nne, kwa sababu haina mkono wa mtu wa kulisukuma ganda gumu. Karibu na mwisho zungusha nyuzi kumi (digrii) tu kwa wakati mmoja. Nyuzi kumi ni elfu mbili za inchi, na kwenye nati yenye upana wa sentimita tatu huo ni mwendo wa milimita mbili na nusu. Piga alama ya kalamu ya maka kwenye nati na kwenye presi uone unachofanya.

Mafuta ya kulainisha hayaji na seti, na bila mafuta usijaribu hata ganda moja. Mimi natumia Imperial Sizing Die Wax, nta ngumu ya kopo dogo. Gusa kwa ncha ya kidole, pakaza mwilini kwa kuzungusha, zaidi karibu na kitako ambako shaba ni nene. Begani usipake chochote. Nta ikizidi inajikusanya kati ya bega na kalibu, na kwa kuwa haibonyei, bega ndilo linalobonyea. Utatoa ganda lenye kishimo kama alama ya kidole gumba. Kishimo kidogo si hatari, kinanyooka ukipiga tena, ila ni ishara ya kupunguza nta na kufuta kalibu ndani, pamoja na kale katundu ka kutolea hewa. Ndani ya shingo pitisha brashi yenye unga wa grafiti kila baada ya maganda matatu au manne. Gololi ya kutanulia shingo ikitoka kavu hupiga kelele kama mlango mbovu, na kila kelele ni shingo inayovutwa mbele.

Mkono wa presi ukikaza katikati ya safari, simama na urudi. Ukilazimisha, kishikio kitang'oa ukingo na ganda litabaki ndani. Kulitoa ni kazi ya keekee: funga kalibu kwenye jiliwa, fungua ule msumari wa katikati kadiri unavyokubali, toboa kitako, kata hesi ya 1/4-20, kisha vuta kwa bolti na spana. Kifaa cha kazi hiyo kinauzwa tayari. Kinunue kabla hujakihitaji.

Pini ya kutolea fataki ni nyembamba, na hilo ni sawa kwa maganda ya kiraia. Ya jeshi la Marekani yenye muhuri wa LC (kiwanda cha Lake City) hupita pia, ila kingo za shimo la fataki zimebanwa na lazima zikatwe kabla ya kuweka mpya. Yenye matundu mawili madogo badala ya moja la katikati yatakuvunjia pini papo hapo. Chungulia ndani kwa tochi kwanza. Na kama unasafisha maganda kwa unga wa magunzi, yasafishe kwanza ndipo uyabane, lakini hakikisha hakuna punje iliyokwama kwenye tundu la moto, lile linalopitisha moto wa fataki.

Urefu upime baada ya kubana, kamwe si kabla, kwa sababu kubana kunarefusha. Kikomo ni inchi 2.015, nami nakata yote mpaka 2.005. Ganda refu kupita kikomo huingiza mdomo wake pale chemba inapobana, kichwa kinashikwa kisiachie, na shinikizo linapanda hata kama baruti ulipima sawasawa.

Mwisho futa nta yote kwa kitambaa chenye spiriti. Ganda lenye utelezi halishiki kuta za chemba, na nguvu yote inaishia kwenye bolti.

Nati ya kufungia iliyokuja na seti ina skrubu ndogo inayong'ata hesi moja kwa moja. Nimeibadilisha na ile inayobana hesi kwa kuizunguka pande zote, na kipimo hakijahama tena.