Adapta ya Wi-Fi ya shilingi 25,000: uzoefu wangu wa miezi minne, Bwiru

Kazi yangu ni kuwatunzia hesabu wafanyabiashara wachache wa dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, na kazi hiyo naifanyia nyumbani Bwiru, katika chumba cha nyuma ambacho ukuta wake mmoja umeegemea jabali lililokuwapo kabla ya nyumba yenyewe. Ruta iko sebuleni. Kompyuta yangu ni ya mezani, haikuja na Wi-Fi, na kupitisha waya kungenilazimu kutoboa kuta mbili; ndiyo maana nilinunua adapta ya USB, kidude kisichozidi ukubwa wa kucha ya kidole gumba, kwa shilingi 25,000 katika duka moja la katikati ya jiji. Boksi lake liliandikwa 150 kwa tarakimu kubwa kuliko jina la kifaa chenyewe.

Wiki ya kwanza niliichukia. Windows 10 iliitambua papo hapo na kuiwekea draiva, yaani ile programu inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kifaa, na kwa dakika chache nilidhani kazi imekwisha. Kumbe mtandao ulikuwa ukikatika kila baada ya nusu saa hivi, na nilipofungua dirisha linaloonyesha hali ya muunganisho nilikuta kasi ya megabiti 54 kwa sekunde, wala si 150. Niliibeba kompyuta nzima hadi sebuleni, nikaiweka hatua mbili kutoka kwenye ruta, na bado ilikuwa 54. Mteja wangu mmoja aliyenikuta katika hali hiyo alicheka akasema, "Dada, hapo umelipia debe ukapimiwa kisado."

Hakuwa sahihi, ingawa nami nilichukua siku kadhaa kulijua hilo. Nambari 54 ikiganda namna ile, kwa karibu na kwa mbali, huwa inasema jambo mahususi: ndiyo kikomo cha kiwango cha Wi-Fi kiitwacho 802.11g, kilichotoka mwaka 2003. Adapta yangu ni ya 802.11n, kiwango kilichoidhinishwa mwaka 2009, kwa hiyo kuna kitu kilichokuwa kikiizuia kutumia uwezo wake. Kitu hicho kilikuwa kwenye ruta, ambayo aliyenifungia aliiacha na usimbaji (namna ya kuificha data inayopita hewani) wa zamani uitwao TKIP, na kanuni za 802.11n haziruhusu kasi zake kutumika pamoja na usimbaji huo. Niliingia kwenye mipangilio ya ruta, nikachagua usimbaji mpya zaidi, WPA2 yenye AES, nikahifadhi, na baada ya kuunganisha upya simu zote za nyumbani (kazi iliyonichosha kuliko yote, kwa kuwa watoto walikuwa wamesahau nywila) kompyuta ikaonyesha 72.

Kwa nini 72, wakati boksi linasema 150? Kwa sababu hiyo 150 hupatikana tu pale ruta na adapta zinapotumia njia ya mawimbi yenye upana wa megahezi 40, na ruta yangu imewekwa kwenye megahezi 20. Ningeweza kuipanua, lakini sikuona sababu. Bendi ya gigahezi 2.4, yaani masafa ya mawimbi ambayo adapta hii huyatumia, ni finyu mno, kiasi kwamba njia ambazo kwa kawaida hupangwa bila kuingiliana ni tatu tu, yaani ya 1, ya 6 na ya 11, na hapa Bwiru nyumba zimepandana juu ya mlima hivi kwamba nikisimama dirishani simu yangu huorodhesha mitandao ya majirani zaidi ya kumi. Kutumia njia pana katika mazingira hayo ni sawa na kuanika dagaa wako hadi kwenye chanja ya jirani: utapata nafasi kwa muda, kisha mtavurugana wote wawili. Nililaumu tu boksi, ambalo lilipaswa kueleza sharti hilo pembeni ya ile tarakimu yake.

Hata 72 yenyewe si kasi ambayo mtu ataiona akipakua faili. Ni kasi ya redio mbili zinapozungumza, na katika Wi-Fi ya aina hii vifaa vinavyotumia njia moja hupokezana zamu, kisha kila shehena ya data ikifika lazima ipatiwe jibu la kuthibitisha kuwa imefika, hivyo sehemu kubwa ya muda hutumika kwa kusubiri na kuitikiana. Nilijaribu kwa kunakili faili la megabaiti 600 kutoka kompyuta ya pili iliyounganishwa na ruta kwa waya. Wastani ulikuwa megabaiti 4.3 kwa sekunde. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo hiyo ni kama megabiti 34, chini kidogo ya nusu ya 72, nami naiona kuwa kasi nzuri kwa kifaa cha bei hii. Bando langu la intaneti ni la megabiti 20. Maana yake ni kwamba hata adapta ya bei mara tano isingeniongezea chochote kwenye intaneti, labda kwenye kunakili mafaili ndani ya nyumba.

Lililobaki lilikuwa kule kukatika, na hapo ndipo draiva ilipoingia. Kwenye orodha ya vifaa vya Windows niliona kwamba draiva iliyowekwa ilikuwa ya miaka mingi nyuma. Ndani ya boksi mlikuwa na sidii ndogo, ambayo ilikuwa na draiva ya Windows 7, hivyo haikunifaa. Nilichojifunza ni kutoliamini jina la modeli peke yake, kwa sababu watengenezaji huweza kuuza kifaa chenye jina lilelile huku chipu ya ndani ikiwa imebadilishwa kutoka toleo hadi toleo, na draiva ya toleo moja isikubali kwenye jingine. Kitambulisho cha uhakika ni zile namba mbili, VID (ya mtengenezaji) na PID (ya bidhaa), ambazo Windows huzionyesha kwenye maelezo ya kifaa. Kwa namba hizo niliipata draiva sahihi kwenye tovuti ya mtengenezaji. Kabla ya kuondoa ile ya zamani niliunganisha simu kwa waya wa USB ili kompyuta ipate intaneti kupitia simu. Asiyefanya hivyo anaweza kujikuta hana draiva na hana njia ya kuitafuta.

Baada ya draiva mpya, kukatika kulipungua hadi mara moja au mbili kwa siku. Kulikwisha kabisa nilipoondoa alama kwenye kisanduku kinachoiruhusu kompyuta kuizima adapta ili kuokoa umeme. Kwa kompyuta ya mezani sioni umeme unaookolewa pale.

Mwisho nilinunua waya wa USB wa kurefushia, wa mita moja na nusu, nikaitoa adapta nyuma ya kompyuta, ambako ilikuwa imejificha kati ya bodi la chuma na diski ya nje ya USB 3.0, ambayo nayo huweza kuleta vurugu kwenye bendi ya gigahezi 2.4. Niliibandika ukutani juu ya meza. Anayetaka kupima tofauti aandike netsh wlan show interfaces katika dirisha la amri. Pale huonekana njia, kasi na nguvu ya mawimbi kwa asilimia. Yangu ilitoka 46 ikafika 81, bila kugusa kitu kingine.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja nainyima kwa sababu ya sidii na lile boksi. Mwezi uliopita nilirudi kumnunulia dada yangu wa Sengerema nyingine kama hiyo, na boksi lilikuwa lilelile, isipokuwa kibandiko cha chini kilionyesha toleo la pili. Nilimwomba muuzaji aichomeke kwenye kompyuta yake ya mpakato kabla sijalipa. Ilishika kwa draiva ya Windows yenyewe, tukakaa dakika arobaini tukipiga soga huku redio ya mtandaoni ikiimba bila kukatika, ndipo nikatoa pesa.