Flesh Cathedral ya Svartidauði: uzoefu wangu na bleki metali ya Iceland

Albamu hii ya bendi ya Svartidauði, ya bleki metali (roki nzito na ya giza), ilitoka mwaka 2012 kupitia Terratur Possessions, lebo (kampuni ya kutoa muziki) ya Norwei. Nyimbo ni nne tu, na jumla inapita dakika 50. Isikilize kwa mpangilio wake, tena bila kuchanganya na bendi nyingine, la sivyo utaambulia kelele.

Kinachonivuta ni magitaa mawili yanayogombana kwa makusudi. Moja likishika noti, jingine mara nyingi linaikalia nusu toni jirani, yaani hatua ndogo kabisa kutoka noti moja hadi nyingine. Chukua noti A ya hezi 440 (mitetemo 440 kwa sekunde) na ile inayoifuata, hezi 466. Tofauti ni mapigo 26 kwa sekunde, yaani sauti inapanda na kushuka mara 26: ya kasi mno kuhesabika, na noti zenyewe zimesogeleana mno kutenganishwa vizuri, basi sikio linapata mkwaruzo. Shuka kwenye nyuzi nene, E ya hezi 82 na F ya hezi 87, mapigo yanabaki kama 5 na sauti inayumbayumba. Distoshoni, ule mkwaruzo unaoongezwa kwenye sauti ya gitaa, nayo inazidisha ugomvi, kwani noti mbili za gitaa moja zikipita humo kwa pamoja zinazaa nyingine ambazo hakuna aliyezipiga. Kwaya ikigusa mgongano kama huu huutuliza palepale kwenye noti inayofuata. Svartidauði wanauacha ukining'inia dakika nzima, na wewe unaendelea kusubiri nafuu. Inakera, na bado unarudia.

Wanaojua watasikia bendi ya Deathspell Omega ya Ufaransa humu, na ni kweli deni lipo. Ila Svartidauði wana uzito wao, na besi inatembea njia yake badala ya kufuata gitaa kama kivuli.

Sasa vifaa, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Spika ndogo ya bluetooth yenye mono (sauti zote kutoka sehemu moja) haifai kabisa: gitaa la kushoto na la kulia yanarundikwa mahali pamoja, ugomvi unakuwa uji. Tumia hedifoni, hata za bei ndogo, mradi pande zote mbili zifanye kazi. Ikwalaiza, ile mipangilio ya kupandisha na kushusha besi na sauti nyembamba, iache ilivyo. Ukipandisha besi, dramu za mguu zinafunika kila kitu. Ukipandisha sauti nyembamba za juu, matoazi yanachosha masikio kabla wimbo wa kwanza haujaisha. Kuhusu bando, kwa kbps 320 (kiasi cha data kwa sekunde; kikiwa kikubwa, sauti ni safi zaidi) albamu nzima inakula kama MB 130, kwa kbps 96 kama MB 40. Usibane hapo. Kwenye kbps 96 matoazi yanaanza kusikika kama maji yanayochuruzika na mwangwi wa magitaa unakatikakatika. Afadhali uipakue mara moja ukiwa kwenye wifi.

Lawama yangu ni moja: sauti ya mwimbaji imezama mno, hata ukiwa na maneno mkononi utapotea. Nawapa nyota 4 kati ya 5.

Mgeni kabisa asianzie hapa. Aanze na bendi nyingine za Iceland: Misþyrming, albamu yao Söngvar elds og óreiðu ya 2015, ambayo ina melodi za kushika, kisha Sinmara, Aphotic Womb ya 2014. Anayependa pawe na utulivu kati ya vurugu atafute Unortheta ya Zhrine, 2016. Hiyo hata usiku wa manane inasikilizika kwa sauti ya chini.