Matembezi ya uyoga wa masikio, Msitu wa Kakamega: nilichokiona na nilichokipika

"Gusa kwanza, mama. Kutazama baadaye."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza ya mzee aliyetutembeza, tukiwa tumechuchumaa mbele ya gogo la mti lililolala kando ya njia, upande wa Isecheno. Nikagusa. Kilikuwa kitu baridi, laini, kizito kwa maji, kama ncha ya sikio la mtoto aliyetoka kuogeshwa. Nikakikunja kwa vidole viwili kikakubali, nikakiachia kikarudi kilivyokuwa. Hapo nikajua pesa yangu haijapotea.

Nianze nyuma kidogo. Nina hoteli ndogo hapa Kisumu, Nyalenda, na kinachonilisha ni mboga za kienyeji: osuga, dek, apoth, mitoo. Kuna wateja walioanza kuniuliza uyoga mweusi, ndio huu huu wa masikio, ule waliouonja kwenye mikahawa ya Kichina. Mwaka jana nikanunua pakiti ya uyoga mkavu katika duka moja mjini. Haikuwa na tarehe wala jina la aliyeufungasha. Nilipouloweka, vipande vingine vilivimba vikawa kama mpira, vingine vikayeyuka vikawa uji wa kahawia wenye harufu ya ukungu, na chini ya bakuli kukabaki maganda ya mti. Nilimwaga vyote. Chakula ninachomwekea mtu mezani lazima nikijue, kwa hiyo nikaamua kwenda kuuona uyoga wenyewe mahali unapoota.

Tulikwenda mimi na wifi yangu, mwezi wa Mei, mvua za masika zikiwa zimekolea. Matatu kutoka Kisumu hadi Khayega, kisha boda boda kupitia Shinyalu. Mzee tulimlipa shilingi 2,000 kwa watu wawili, karibu saa tatu za kutembea, mbali na ada ya kuingia msituni.

Somo lenyewe ndilo lililonifanya niandike. Mzee hakutuonyesha picha wala karatasi, alitumia mikono. Kwanza unaangalia uyoga umeota wapi: huu ni wa mti mgumu uliokufa, gogo au tawi lililoanguka na bado lina unyevu. Kinachofanana nao kikiwa kimeota kwenye udongo mtupu, piteni. Pili unaugeuza mgongo. Mgongo una vinyweleo vifupi sana, unavihisi kabla hujaviona, kama manyoya ya panya mchanga. Kuna aina ambayo vinyweleo vyake ni virefu zaidi, vya kijivu, na ukiutazama kwa mbali unadhani umepakwa vumbi. Tatu unauinua kwenye mwanga. Ukiwa mbichi, mwanga unapenya, na rangi yake ni ya chai ya rangi. Hauna mwavuli, hauna shina, wala zile kurasa za chini ya kofia tulizozoea kwenye uyoga wa kichuguu.

Halafu akatupeleka kwenye gogo lingine alilosema ni la mutere. Hapo nikapiga kelele kama mtoto. Upande wa ndani wa uyoga ule ulikuwa na matuta yaliyosukana kama wavu. Mnaojua matumbo ya ng'ombe, lile tumbo lenye vyumba kama sega la nyuki, basi ni lile lile, ila dogo na la kung'aa. Wataalamu wanauita Auricularia delicata. Hilo neno la kwanza limetokana na sikio kwa Kilatini, kwa hiyo sisi na wao tumeona kitu kimoja. Bibi yangu wa Butere yeye aliita kila uyoga obwoba, na huu wa kwenye magogo sikumbuki akiuleta nyumbani hata siku moja.

Mbele kidogo tulikuta mweupe, umejikunjakunja kama lesi ya nguo ya harusi, unatetemeka ukiupulizia. Mzee akatuonyesha ganda jeusi pembeni yake kwenye tawi lile lile. Uyoga mweupe hauli mbao, unaishi kwa kula uyoga mwingine, ule wa ganda jeusi. Kwa hiyo anayeutafuta hutafuta kwanza weusi. Wachina huupika kwenye supu tamu. Huo sijaupika, nauacha hapo.

Sasa jambo lililoniridhisha kuliko yote. Wifi yangu aliokota kikombe kidogo cha kahawia kwenye kijiti kilichooza, akasema, "Si ndio huu huu?" Hata mimi ningesema ndio. Mzee akakipokea, akakipapasa mgongo, hakikuwa na vinyweleo. Akakikunja, kikavunjika pwa, kama biskuti iliyolowa. Akasema, "Huu siujui. Tuuache," akautupa, akajipangusa mikono kwenye majani. Mimi nikamtajia yale tunayoambiana sokoni, kwamba uyoga ulioliwa na konokono ni salama, na kwamba wenye sumu huigeuza rangi ya kitunguu. Akanijibu konokono si mtu, na kitunguu hakijui lolote. Mtu aliyelipwa kuonyesha uyoga, na bado akathubutu kusema huu siujui mbele ya wageni, huyo nitamrudia.

Msituni hatukuchuma. Wa kupika tuliununua kwa jirani yake, kwenye shamba nje ya msitu lenye magogo ya zamani, kama nusu kilo. Nyumbani nilikata vikonyo vigumu, nikaosha mara tatu kwa sababu mchanga hujificha kwenye mikunjo, nikachemsha kwanza, kisha nikaukaanga na kitunguu, nyanya, dania na vijiko viwili vya njugu zilizosagwa. Kwa ugali wa wimbi. Uyoga huu hauna ladha kubwa ya kwake, unabeba ladha ya mchuzi. Utamu uko menoni: ni laini halafu unalia kwachu kama gegedu. Mume wangu aliomba tena. Binti yangu alisema ni kama kula sikio, akaacha, na simlaumu.

Uliobaki niliuanika kwenye ungo siku mbili. Ulisinyaa ukawa vipande vyeusi vigumu vya kugongana. Nilivyoviloweka dakika arobaini, vikarudi vyote, hakuna hata kimoja kilichoyeyuka.

Malalamiko ninayo. Tulianza saa nzima baada ya muda tuliopatana kwa sababu ya mvua, na hakuna aliyetupigia simu. Siafu walinipanda hadi magotini, na hakuna aliyetuambia tuvae gambuti. Kubwa zaidi, mzee hakutueleza habari za afya, na anayefundisha watu kula uyoga huu angepaswa kuzieleza. Mwaka 1980 daktari mmoja wa Minnesota, Marekani, aliandika kwamba uyoga huu ukiliwa kwa wingi unapunguza uwezo wa damu kuganda. Dada yangu anatumia dawa za kuzuia damu isigande, kwa hiyo kwake sikupeleka hata kijiko. Na ule mkavu msiuache kwenye maji usiku kucha, hasa kwenye joto letu la Kisumu: kuna bakteria wanaoweza kukua humo na kutoa sumu isiyokufa hata ukichemsha. Loweka saa moja, pika siku hiyo hiyo, ukianza kuteleza vibaya au kunuka, mwaga.

Nampa nyota nne kati ya tano. Nendeni siku mbili tatu baada ya mvua kubwa, kwa maana jua likiwaka masikio hujikausha juu ya gogo na mtayapita mkidhani ni magome. Ombeni kuanza asubuhi mapema. Mimi nimeshaongea naye tena, nitarudi Oktoba na wapishi wangu wawili, na safari hii gambuti tunazo.