Pontiac Vibe ya 2005 kama gari la baridi: uzoefu wangu Minnesota

Nina Honda S2000 ya 2006, rangi ya fedha, na naipenda kwa dhati. Injini yake ya lita 2.2 hupanda mpaka mizunguko 8,000 kwa dakika, ina gia sita za mkono, na nguvu yote inakwenda kwenye magurudumu ya nyuma. Honda iliacha kuitengeneza mwaka 2009, kwa hiyo bodi ikiliwa na kutu hakuna nyingine mpya ya kuagiza. Mimi naishi Brooklyn Park, kaskazini mwa Minneapolis, mahali ambapo kuanzia Novemba hadi Machi, pengine na Aprili, barabara zinamwagiwa chumvi. Ndiyo sababu nilitafuta gari la pili la bei ya chini, la kubeba mateso ya msimu wa baridi. Nililolipata ni Pontiac Vibe ya 2005, gia tano za mkono, maili 168,000, kwa dola 2,900. Nimekaa nayo muda wa kutosha sasa kuisema vizuri na vibaya vyake.

Kwanza niseme kuhusu chumvi, kwa sababu wengi wanaohamia huku wanadhani adui ni theluji. Theluji utapita, ukiwa na tairi sahihi na subira. Chumvi ndiyo inayoua gari. Sisi tuliokulia Mombasa tunaijua kidogo: gari lililokaa Nyali au Shanzu miaka mingi, upepo wa bahari unalila kwenye kingo za milango na chini ya madigadi, na mnunuzi mjanja kutoka bara huliinamia kulichungulia kabla hajataja bei. Huku chumvi haiji na upepo. Inamwagwa na malori, tani kwa tani, na gari linaiogelea. Chumvi ya kawaida huyeyusha barafu vizuri mpaka nyuzi tisa hivi chini ya sifuri; baridi ikizidi hapo, huchanganywa na chumvi za magnesi au kalsiamu. Hizi hunyonya unyevu kutoka hewani, kwa hiyo tumbo la gari linabaki na majimaji hata siku ambayo barabara inaonekana kavu. Na kuna jambo ambalo watu hawalitarajii: gari lenye chumvi likiingizwa kwenye gereji yenye joto hushika kutu haraka kuliko lililolala nje kwenye baridi kali, kwa sababu kutu hupunguza mwendo maji yakiganda. Kwa hiyo haikunisaidia kitu kusema nitaiendesha S2000 mara mojamoja Januari kisha niirudishe gerejini. Haitoki kabisa.

Katika kutafuta, nilianza na magari ambayo kila mtu huku hukutajia. Subaru Forester ya miaka ile ina magurudumu manne yanayovuta na inapanda theluji kama mbuzi mlimani, lakini injini zake za lita 2.5 zinajulikana kwa gasketi ya kichwa kuvuja, na mkanda wa taimingi lazima ubadilishwe kwa wakati. Juu ya hayo, Minnesota kila mtu anaitaka, kwa hiyo hata iliyochoka inauzwa ghali. Corolla ni vivyo hivyo: jina lenyewe linapandisha bei. Niliitazama pia Buick LeSabre, gari la wazee, lenye injini ya V6 ya lita 3.8 inayosifiwa na mafundi wengi. Kwa bei ni nafuu kweli na hita yake ni tamu. Nilichokataa ni ukubwa wake. Kazini kwangu Minneapolis naegesha mtaani, na theluji ikirundikwa pembeni, nafasi za kuegesha zinabaki finyu.

Kwenye yadi moja ya magari yaliyotumika nilionyeshwa gari dogo linalong'aa, chini limepakwa rangi nyeusi nzito tangu mbele hadi nyuma. Muuzaji akaniambia limekingwa dhidi ya kutu. Nilikuwa na rafiki yangu fundi, mtu wa Nakuru ambaye amefungua vyuma vya magari ya huku kwa miaka mingi. Akaingia chini na tochi, akagusa bamba la chini ya mlango kwa ncha ya bisibisi, na bisibisi ikazama. Akatoka akajipangusa mikono. "Ndugu yangu," akaniambia kwa Kiswahili, muuzaji akiwa amesimama pale pale, "hii imepakwa ili usione. Twende."

Jambo moja ninalotaka msomaji alichukue kutoka kwangu ni hilo: gari la baridi linanunuliwa kutoka chini. Maili si hoja kubwa. Mikwaruzo, kiti kilichochanika, redio iliyokufa, hayo yote ni faida yako kwa sababu yanashusha bei. Kinachoamua ni mabamba ya chini ya milango, sehemu za kuwekea jeki, paipu za breki zinazopita chini kuelekea nyuma, na pale springi na shokapu za nyuma zinaposhikilia bodi. Chukua tochi, bisibisi na sumaku ndogo. Sumaku isiponasa kwenye bamba la chuma, jua pale pamezibwa kwa poda ya bodi. Paipu za breki zikiwa na magamba, hesabu gharama ya kuzibadilisha kabla hujatoa ofa, maana zikipasuka utakanyaga breki na mguu uende mpaka chini. Na usitegemee serikali ikuangalizie. Minnesota haina ukaguzi wa kila mwaka wa magari ya watu binafsi. Hata kipimo cha moshi kilichokuwepo Minneapolis na Saint Paul kilifutwa mwaka 1999. Gari linaweza kuwa limeoza na bado likawa na nambari halali.

Vibe niliipata kwa mama mmoja mzee aliyekuwa anaacha kuendesha. Ilikuwa imelala gerejini isiyo na joto, na makaratasi ya matengenezo yalikuwa kwenye bahasha. Fundi alikaa chini yake muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akatoka akasema kuna kutu ya juujuu tu, na kidoa kimoja kwenye ukingo wa gurudumu la nyuma upande wa kulia. Sikuvuta sana kamba ya bei.

Sasa kwa nini Vibe. Kwa sababu ni Toyota iliyovaa nembo iliyokufa. Ilitengenezwa Fremont, California, kwenye kiwanda cha NUMMI ambacho General Motors na Toyota walikiendesha kwa ubia tangu 1984, na ni ndugu wa Toyota Matrix. Mwaka 2009 General Motors ikatangaza kuifunga chapa yake ya Pontiac, na tangu hapo wanunuzi wengi wanaipita Vibe wakidhani ni gari la yatima lisilo na vipuri. Wasomaji wa Kenya na Tanzania pengine mmeshaiona bila kujua: iliuzwa Japani kati ya 2002 na 2004 kwa jina la Toyota Voltz, usukani kulia, na baadhi zikatufikia nyumbani kwa mtumba. Injini yake ni 1ZZ ya lita 1.8, ile ile iliyo kwenye Premio na Wish za 1.8 za kizazi cha kwanza zinazojaa barabara za nyumbani. Inatumia cheni ya taimingi, si mkanda. Vipuri vya injini naulizia vya Matrix au Corolla na napata siku hiyo hiyo. Yaani nimelipa bei ya Pontiac nikapata moyo wa Toyota.

Kwenye baridi yenyewe imenifurahisha. Hii ni ya kuvuta kwa magurudumu ya mbele. Kulikuwa na toleo la magurudumu manne mpaka 2006, lakini hilo lilikuja na gia za otomatiki nne tu, zito na lenye nguvu pungufu, na lina shafti na difrensha ya nyuma za kuongezea fundi kazi. Pesa niliyookoa hapo niliiweka kwenye tairi. Nilinunua seti ya tairi za baridi zenye alama ya mlima wenye vilele vitatu na kitone cha theluji, nikazifunga kwenye rimu za chuma za mtumba. Tairi za kiangazi huanza kuwa ngumu joto likishuka chini ya nyuzi saba, hata kama hakuna theluji, na watu wengi hapa huteleza kwenye lami iliyo kavu kabisa kwa sababu hiyo. Ukiwa na bajeti ya dola 3,500 kwa jumla, afadhali gari la dola 2,900 na tairi nzuri kuliko gari la dola 3,500 na tairi za misimu yote zilizolika.

Gia za mkono zinanisaidia sana. Naondoka kwa gia ya pili kwenye barafu, taratibu, magurudumu hayazunguki bure. Kuteremka naachia injini ishike badala ya kukanyaga breki. Na kwa mtu anayeikosa S2000 miezi mitano, kushika kijiti cha gia kila asubuhi kunatuliza moyo, nasema kweli.

Baridi kali ya huku si ya kuchezewa. Januari 2019 Minneapolis ilishuka mpaka nyuzi 33 chini ya sifuri, na siku kama zile betri hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake wakati oili nayo imekuwa nzito. Kwa hiyo kabla ya msimu nilibadilisha betri nikaweka kubwa kiasi, nikafunga na hita ya injini ya kuchomeka kwenye umeme wa nyumba usiku. Inawaka mara moja. Hita ya ndani huchelewa kidogo kutoa joto kwa sababu injini ni ndogo, lakini ikishapata moto inatosha.

Ndani ni plastiki ngumu, na kwa kazi hii naishukuru. Sakafu ya nyuma ni ya plastiki pia, viti vinalala bapa hata kile cha abiria wa mbele, na kioo cha nyuma hufunguka peke yake bila kuinua mlango mzima. Koleo, mfuko wa mchanga, nyaya za kuwashia betri, viatu vyenye matope ya chumvi, vyote vinatupwa humo na kufutwa kwa tambara. Ina hata soketi ya umeme wa volti 115 kwenye dashibodi.

Ubaya wake upo. Barabara kuu kwenye maili 70 kwa saa injini inanguruma, maana gia ya tano ni fupi, na safari ndefu ya Duluth inachosha masikio. Viti vya mbele havina msaada wa kutosha kiunoni. Injini za 1ZZ zina historia ya kula oili, hasa za miaka ya mwanzo, kwa hiyo nachungulia kijiti cha oili kila ninapojaza mafuta. Na mnunuzi yeyote wa Vibe aangalie nambari ya chesisi kwenye tovuti ya NHTSA, idara ya usalama barabarani ya Marekani, kabla ya kulipa: za 2005 hadi 2008 zilihusika mwaka 2010 kwenye mwito wa watengenezaji wa kurudisha magari yabadilishiwe kompyuta ya injini, na kuna miito ya mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata pia, ambayo inaweza kulipuka vibaya. Kazi hizo hufanywa bure. Usiendeshe gari lenye mfuko wa Takata ambao haujabadilishwa.

Kwa upande wa pesa, Minnesota gari lenye miaka 10 au zaidi na thamani chini ya dola 3,000 hulipiwa kodi ya mauzo ya dola 10 badala ya asilimia. Hiyo nayo ilichangia kuniambia nisipande bei. Bima yake ni ya kiwango cha sheria tu, kwa sababu gari la bei hii silihitaji bima ya kujilipia mgongano. Na S2000 ikilala, napunguza bima yake ibaki ya wizi, moto na madhara mengine yasiyo ya mgongano. Tofauti hiyo ya miezi ya baridi inarudisha sehemu nzuri ya gharama ya Vibe.

S2000 yenyewe naioshea chini mwishoni mwa Oktoba, naijaza tangi na dawa ya kutunza mafuta, naongeza upepo wa tairi, naiunganisha na chaja ndogo ya kulisha betri, kisha naifunika. Paa lake ni la turubai la kukunja; linabaki limefungwa, halikunjwi kwenye baridi. Masika siitoi theluji inapoisha tu. Nasubiri mvua kubwa zioshe lami, kwa sababu vumbi jeupe lililobaki pembeni mwa barabara bado ni chumvi.

Vibe nayo siitupi kwa kuwa ni ya bei rahisi. Kila joto likipanda juu ya sifuri naipeleka kuoshwa tumbo, na kila vuli fundi anaipulizia mafuta ya lanolini ya kuzuia kutu kwenye mabamba na paipu za breki. Kile kidoa cha gurudumu la kulia kimebaki pale pale. Mke wangu bado anaendesha gari lake zuri kwenye chumvi, na tumeshakubaliana: nikipata Vibe nyingine ya kati ya 2003 na 2008, chini safi, bei isiyopita dola 3,500, naichukua iwe yake, hata ya otomatiki.