Requiem ya Mozart, toleo la Süssmayr: fundi wa pili anatukanwa bure (isipokuwa kwa Osanna)

Wiki mbili sasa naisikiliza hii rekodi, mara nyingi usiku na hedifoni. Ni lile toleo la kawaida alilomalizia Süssmayr, msaidizi wa Mozart, na angalieni jalada la nyuma kabla ya kununua maana matoleo yako kibao, unaweza ukalipia hili ukajikuta na la Levin au la Maunder (hawa walikuja kuimalizia upya baadaye), na Maunder Sanctus, ile sehemu ya "Mtakatifu", kaifyeka yote.

Kwa wasioijua stori, mwaka 1791 Mozart aliletewa oda ya misa ya wafu na mjumbe aliyegoma kutaja bosi wake, akapewa sehemu ya hela kabisa. Kumbe bosi ni mwinyi mmoja, Walsegg, kafiwa na mke wa miaka 20, na mpango wake aipige kama kaitunga yeye mwenyewe!! Mozart akafariki Vienna tarehe 5 Desemba kazi haijaisha, mjane wake Constanze anahitaji hela iliyobaki, na kazi nusu nani atailipa? Akampa Eybler, mtunzi mwingine, Eybler akajaza jaza kidogo akarudisha, mwisho ikamwangukia Süssmayr, kijana wa miaka 25, na tangu hapo watu hawajaacha kumsema.

Introitus, sehemu ya kufungulia misa, ndo pekee Mozart aliyoimaliza yote na inajisikia. Hakuna filimbi, hakuna obo, juu hakuna kinachong'aa, ni basethoni (ndugu wa klarineti mwenye sauti nzito) na basuni zinaingia moja moja kama watu wanaoongea kwa sauti ya chini msibani, halafu kwaya inapokelea besi kwanza (mi naimba besi kwahiyo hapa siko fea). Dies irae imepigwa kwa kasi nzuri bila kupiga kelele. Tuba mirum tromboni imetulia ila yule mwimbaji wa besi anavuta mno, sijui alikuwa anasubiri nini.

Sasa Lacrimosa. Mozart aliandika baa 8 tu (vipande vya mapigo kwenye noti) akaishia hapo, soprano zinapanda ngazi moja moja halafu karatasi tupu. Nimerudia labda mara 20 natafuta pale mshono ulipo, najua ni baa ya 9 na bado siusikii. Miaka ya 1960 ilipatikana skechi ya fuga (sauti zinazofukuzana kwa melodi moja) ya Amen, Levin kaiendeleza mpaka ikawa fuga kamili, na ni kazi safi sikatai, ila mi zile kodi (chords) mbili za Amen za Süssmayr zinanitosha, fuga inakuja wakati nishalia nimemaliza.

Shida ni Osanna, ile ya kusifu inayofunga Sanctus na kurudi baada ya Benedictus. Ya kwanza Doh (noti ya nyumbani) ni D, Benedictus inapita (tamu kweli), halafu Osanna ileile inarudi Doh ni B fleti, yaani mlango uliotokea sio ulioingilia, na zote mbili zinakatika kabla fuga haijapata pumzi. Hapa wanaomsema wana haki. Nishazoea kuiruka.

Lakini Agnus Dei jamani. Süssmayr mwenyewe aliandika mwaka 1800 kwamba Sanctus, Benedictus na Agnus Dei ni zake, sasa sikilizeni sauti ya besi pale mwanzo wa Agnus, ni melodi ya Introitus ile ya mwanzo kabisa imefichwa chini. Niliimba hii kitu mara ya kwanza bila kugundua, mpaka nilipoiimba peke yangu bila wenzangu ndo nikashtuka. Sasa kama kaipata kwenye kikaratasi cha Mozart au kaifikiria mwenyewe, kwangu mimi yote sawa, kijana alikuwa anasikiliza. Na mwishoni kurudisha muziki wa Introitus na fuga ya Kyrie kwa maneno mengine wengine wanaita uvivu, mi naona afadhali hivyo kuliko Osanna ya tatu.

Rekodi yenyewe sauti ni safi, kwaya ndogo, maneno ya Kilatini yanasikika mpaka konsonanti za mwisho. Kijitabu cha ndani ndo aibu, kurasa nzima za picha za waimbaji na hakuna sehemu inayosema nani kaandika kipi, na jina la Süssmayr limetajwa mara moja kwa herufi za kutafuta na miwani.

Nyota 4. Ile moja nimeikata kwa kijitabu, Osanna nishamsamehe.