Kubaki kanisa la wazazi au kuhamia kwa walokole?

Huku kusini mwa Tanzania, Masasi, walikofika wamisionari wa Kianglikana wa UMCA mwaka 1876, na Ndanda ya Wabenedikto, watawa wa Kikatoliki, tangu 1906, wengi tulibatizwa kabla ya kujua kusema. Swali huja ukubwani: imani hii ni yangu kweli?

Ukibaki, una jumuiya. Siku ya msiba huachwi peke yako. Niliona hivyo tulipomzika baba, na sitasahau. Ila unaweza kuitikia sala miaka ishirini bila kuomba hata mara moja.

Ukihama, utazoea kuomba kwa maneno yako mwenyewe. Gharama iko nyumbani: mama analia.

Unayeishi kwa wazazi, anza kwa kumuuliza katekista maswali yako. Unayejitegemea na moyo hautulii, nenda, lakini kaa na mama kwanza umweleze.